Kuvalisha Chuma cha Usukani

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, mpaka leo mikono yangu huanza kutafuta kitu cha kushika. Niache nishike hiki kikwembe. Mimi ni mtu wa hofu, sikufichi. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata asubuhi ikiamka nzuri mimi nitauliza ina nini. Basi leo msikilize mtu wa hofu, maana nataka kukueleza habari ya neno moja lililotumwa likiwa zima likafika limekatwa, na jinsi lilivyotaka kunifanya mjane kabla mtoto wangu wa kwanza hajaota meno.

Ilikuwa hapa hapa Kalemie, miaka ya Zaire, wakati tunaitana Sitwayen, yaani raia, hata kwenye foleni ya maji. Papa yangu, Papa Kabwe, alikuwa fundi wa kuchomelea chuma. Ateliye yake, karakana yake, ilikuwa ya mabati, karibu na pale Lukuga inapotoka ziwani, na vitu vya bandarini na vya reli vilivyoshinda wengine vilimalizikia kwake. Mume wangu, Kalunga, alikuwa makanika wa mashua moja ya chuma iliyobeba watu na mizigo kutoka hapa kwenda Moba na kurudi. Kwao ni Moba. Aliponioa, mama yake alilia kwamba mwanamke wa Kalemie amemchukulia kitinda mimba wake, halafu akacheka, akanifunga kikwembe kipya kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Nilimpenda mama yule.

Sasa elewa kitu kimoja, maana vijana wa leo mnapigiana simu na wakwe zenu kama mnapiga soga na marafiki. Kwetu, baba mkwe na mukwe wake hawakusemezana hivi hivi. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule, linapita kwa mtu wa katikati, na kwetu mtu huyo alikuwa Shangazi Monika, dada ya Papa, mama mnene mwenye sauti tamu na vidole vya kufinya. Na kuna neno ambalo halikupita kabisa kati ya wakwe, hata liwe la kweli namna gani: neno la kifo. Humtumii mukwe wako neno lenye kifo ndani yake. Hiyo njo ilikuwa heshima yenyewe.

Kiangazi kile upepo wa kusini ulivuma vibaya. Mashua ya Kalunga ilirudi ikisukumwa kwa makasia na miti, usukani umelegea kama mkono uliovunjika, kwa sababu ile nguzo ya chuma inayogeuza usukani ilikuwa imekatika vipande viwili. Walishukuru Mungu kwamba imewakatikia karibu na ufuko. Na kabla hata hawajapumua, mchuuzi mmoja wa samaki aliyetoka kusini akaja nyumbani kwetu kusema kwamba mama ya Kalunga ni mgonjwa sana, hali chakula tena, na anamwita mwanawe.

Ungemwona Kalunga siku ile. Alikaa, akasimama, akakaa. Barabara ya Moba haikuwa barabara tena, mvua za mwaka ule zilikuwa zimebeba madaraja na hakuna aliyeyarudisha. Mashua nyingine zilikuwa zimekwenda upande wa Uvira na Kigoma, na wenye mitumbwi walitazama mawimbi wakatikisa kichwa. Njia ya kumfikia mama yake ilikuwa moja, na ilikuwa inalala chini ya meza ya Papa, vipande viwili.

Mimi nilimpelekea Papa chakula ateliye, nikamkuta amepiga magoti anakitazama kile chuma pale kilipokatika. Nilimwuliza kama atakiunga leo. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilikuwa binti yake na alijua mume wangu anasubiri, kwa hiyo akanieleza. Alisema chuma hiki si kama nondo za kujengea. Kimechanganywa na vitu vingine kiwandani ili kiwe kigumu, na ugumu ule njo shida yake. Chuma laini ukikichoma na kukiunga, kinakubali. Hiki ukikichoma haraka na kikapoa haraka, pale pembeni ya kiungo kinakuwa kikavu kama kigae cha chungu. Na ubaya wake hakikatiki mbele ya macho yako. Unakiona kizima, unakipiga nyundo kinalia vizuri, unakwenda nacho. Kesho yake, au kesho kutwa, kinapasuka chenyewe kwa ndani.

Nikamwuliza, sasa unafanyaje. Akafungua kopo lililofungwa kwa kitambaa, ndani mna bageti zake, vile vijiti vya kuchomelea, za chuma laini kisichoshika kutu, alizozitunza pembeni ya jiko zisipate unyevu. Akasema kwanza anakivalisha. Kila kipande anakipasha moto kwa makaa, halafu anakiyeyushia juu ya mdomo wake, pale kilipokatika, nguo ya chuma laini, polepole, mstari kwa mstari, mpaka kile kigumu kimefunikwa chote. Anakizika ndani ya jivu la moto kipoe taratibu. Halafu ndipo anaunga nguo kwa nguo, laini kwa laini, na ule moto mkubwa wa kuunga haukifikii tena chuma kigumu. Baada ya hapo jivu tena, na kungoja. Yote hayo yalitaka siku kadhaa, na umeme wa mitambo ya maji ya Bendera uwe na moyo wa huruma.

Shangazi Monika akaingia wakati huo huo. Papa akamgeukia, na maneno yake nayakumbuka yote.

“Umuambie Kalunga hivi. Chuma hiki kikiungwa bila kuvalishwa, kitakatika akiwa katikati ya maji, na atakufa, yeye na watu aliowabeba. Umuambie vile vile, usipunguze.”

Shangazi akaitikia, ndiyo kaka. Tukatoka pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika nyumbani Kalunga akampa kiti, akachuchumaa kwa adabu kusikiliza. Shangazi akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akasema kwa ile sauti yake tamu: “Papa anakusalimia sana. Anasema kazi imekuwa nyingi kidogo. Anakuomba uvumilie.”

Nilifungua mdomo. Shangazi akanifinya paja, mwanangu, mpaka machozi yakanitoka. Kalunga akashukuru, akasema amesikia. Nami nikajituliza kwamba hakuna kitakachoharibika, maana chuma kiko kwa Papa, na bila Papa hakuna wa kukiunga. Ndivyo nilivyofikiri. Lakini ndani ya Kalunga lile neno lilikuwa limeingia vibaya. Mama yake anakufa, na baba mkwe wake ana kazi nyingi. Usiku wote aligeuka geuka kitandani, na asubuhi hakunywa hata chai.

Jumapili, Papa alipokuwa kanisani, Kalunga alikwenda na mwenye mashua wakakichukua kile chuma kabla hakijavalishwa. Hawakuiba, kilikuwa cha mashua yao. Kalunga alijua kuchomelea, kila makanika anajua kidogo, na alikuwa na rafiki bandarini mwenye mashine. Wakakiunga moja kwa moja kwa bageti za kawaida, wakamwagia maji kipoe upesi, wakakipaka rangi nyekundu. Alirudi nyumbani mchana ananuka chuma kilichoungua, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike alikuwa anatabasamu. Akambeba mtoto, akaniambia nimfungie nguo, jioni wanafunga usukani na alfajiri wanaondoka.

Nilikuwa nakata sombe, majani ya muhogo. Kisu kikaniponyoka. Nikamwuliza taratibu, kimeungwa na nani. Akasema, na mimi, na kimeshika vizuri, tumekipiga nyundo kinalia kama kengele. Akatoka mbio kwenda ufukoni kusimamia mizigo.

Sijui nikueleze vipi hofu ile. Nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbilia kwa Shangazi Monika, nikamwambia neno la Papa hukulifikisha, na sasa Kalunga anaondoka na chuma kibichi. Shangazi alikuwa anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Hakugeuka. Akasema yeye ni mtu mzima, hawezi kumpelekea mukwe kifo mdomoni. Akasema Mungu ni mkubwa. Na akasema mwanamke anayetaja kifo mumewe akiwa anafunga safari, kikitokea watu watamwuliza yeye. Hapo njo aliponimaliza. Kwa sababu ilikuwa kweli, wangeniuliza. Na nikifikiria upande wa pili, nikimzuia na mama yake akafa bila kumwona, wangeniuliza vile vile. Nilisimama pale kati ya zile ndagala, sina mbele wala nyuma, mtoto analia mgongoni, na nakuambia ukweli, nilitamani mtu mwingine aje aniamulie. Hakuja mtu.

Nikashuka ufukoni. Watu walikuwa wameanza kuweka mizigo yao, magunia ya unga, magodoro, mbuzi, bibi mmoja amekaa na wajukuu wake juu ya sanduku. Mawimbi yanapiga. Ile nguzo ya usukani ilikuwa imelazwa juu ya mawe, rangi yake bado mbichi, nzuri kabisa kutazama. Nilimtazama yule bibi na wajukuu wake, nikaona siwezi.

Nikamvuta Kalunga pembeni, nikamwambia: “Papa hakusema ana kazi nyingi. Alisema ukikiunga bila kukivalisha kitakatika na utakufa majini, wewe na hawa watu. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.”

Kalunga alinitazama kama hanijui. Alisema Shangazi hakusema hivyo. Nikasema najua. Akasema kwa nini Papa yako asinieleze. Nikasema alikueleza, neno likakatwa njiani. Akakasirika, mwanangu, akakasirika kweli kweli. Alisema ninataka mama yake afe. Alilisema hilo mbele ya watu. Nilikaa juu ya kile chuma, na rangi mbichi ikaingia kwenye kikwembe changu, nikasema mimi siondoki hapa, kama unataka kukifunga kifunge pamoja na mimi.

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Mwenye mashua akauliza huyu mwanamke ana nini. Lakini Kalunga aliacha kupiga kelele, akafikiri. Halafu akawaambia vijana wawili wabebe chuma, akaongoza njia kwenda kwa Papa yangu, na mimi nyuma yao na kikwembe chenye rangi.

Kwenye ua wa ateliye akasimama nje, kama desturi ilivyotaka. Papa akatoka. Kitu cha kwanza alinigombeza mimi. Aliniuliza nani amenituma kubeba maneno ya wanaume, na kama mama yangu alinifundisha kukaa juu ya vyuma mbele za watu. Nikainamisha kichwa. Halafu akauliza, akinitazama mimi ingawa swali lilikuwa la Kalunga, Shangazi alisema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Papa akakisogelea kile chuma. Akasema, basi si kosa la mukwe.

Akakizunguka kile chuma bila kukigusa. Akasema, bado akinitazama mimi, kwamba hataki kubishana na mtu ambaye mama yake anaumwa. Kilazwe hapa kivulini. Mpaka kesho mchana kikiwa kizima, wakichukue waende, naye atawaombea. Kalunga akakubali, lakini kwa uso wa mtu aliyefungwa kamba. Usiku ule hakulala kwangu, alilala mashuani.

Asubuhi nilikwenda ateliye mapema, nikamkuta Kalunga ameshafika, amechuchumaa upande wa pili wa ua anakitazama chuma chake. Nilikuwa na woga wa pande zote. Nilimwomba Mungu kisikatike, ili Kalunga aende akamwone mama yake. Halafu nikashtuka na maombi yangu, maana kama hakikukatika hapa, ningejuaje kwamba hakitakatika kule? Nikaacha kuomba. Papa alikuwa anakunywa chai yake kimya kimya.

Tulisikia mlio mmoja, mkavu, kama mtu amevunja ukuni. Hakuna aliyekigusa. Kalunga akainuka, akaenda akainama. Kwenye ile rangi nyekundu, pembeni kidogo ya kiungo, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umezunguka karibu chuma chote. Papa akaja na nyundo, akagonga mara moja, vipande vikaachana. Hakusema, mnaona. Aliweka nyundo chini, akaenda kuwasha makaa.

Kalunga alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso. Nafikiri alikuwa anawaona wale wajukuu juu ya sanduku. Nilimwendea, akaniacha nikae karibu.

Kazi ilianza pale pale. Desturi iliwekwa pembeni kidogo, maana Papa alihitaji mikono, na Kalunga akawa anapuliza makaa huku kila mmoja anatazama kwake. Papa alianza kwa kusaga kile kilichounguzwa, mpaka akafika kwenye chuma kizima. Akakivalisha, mstari baada ya mstari, na kila mstari alikuwa anaugonga kidogo na kuusikiliza. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba jivu kavu, na mama wa mtaa walinipa wakiuliza nazika nini. Umeme ulikatika katikati ya kipande cha pili. Tulikizunguka tukilisha makaa ili kisipoe, wanaume wanatokwa jasho, mimi natazama taa iliyozimika juu ya mlango, na katika kichwa changu namwona yule mama kule Moba anageuza uso mlangoni. Umeme uliporudi nililia kwa sauti, na Papa akaniambia nikalie nje, machozi yanaleta unyevu. Huyo njo alikuwa Papa.

Waliondoka siku kadhaa baada ya ile waliyopanga. Upepo ulikuwa ule ule. Nilisimama ufukoni mpaka mashua ikawa doa, na baada ya hapo sikula vizuri. Kila mtu aliyetoka kusini nilimwuliza. Mmoja akaniambia mashua ilionekana ikipita vizuri kwenye mawimbi makubwa, usukani unatii. Mwingine akaniambia habari ya pili, na aliponiona nilivyosimama akajuta kuniambia.

Mama ya Kalunga alizikwa kabla mashua haijafika. Alimwita mwanawe mpaka mwisho, na ndugu zake kule walisema wazi kwamba ni mke wa Kalemie aliyemzuia. Baadhi yao walikaa miaka bila kunisalimia. Neno hilo nalo nilibeba, siwezi kukuambia halikuwa zito. Kilichonitesa zaidi ni kwamba sikujua Kalunga atashuka na uso gani.

Alishuka na nywele zimenyolewa. Nilimchukulia mfuko wake, tukapanda njia. Nyumbani nikamwekea maji, nikamwekea ugali. Alikula kidogo, akamwita mtoto, akamweka mapajani. Halafu akasema, bila kunitazama:

“Nimekukasirikia tangu Moba mpaka hapa. Njia nzima. Mawimbi yanatupiga, usukani unashika, na mimi nimekukasirikia. Halafu karibu na Lukuga nikafikiri, mtu aliyekufa hakasiriki.”

Hatukulizungumza tena. Tulizaa wengine, tulizeeka, na alinipa heshima yake mpaka siku aliyotangulia.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukibebe. Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo. Heshima iweke kwenye sauti yako, iweke kwenye magoti yako, keti chini ukilisema, lia ukilisema, lakini usilipunguze. Shangazi Monika hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Kalunga kuliko hata Papa alivyompenda, na upendo wake ungemzamisha. Ulaini si ubaya. Papa alitumia ulaini, lakini aliuyeyusha ukashikana na chuma chenyewe, na ilimgharimu makaa na siku na jasho. Ulaini wa kupakwa juu, ule unaofanya jambo lipendeze machoni kwa siku moja, huo uogope. Na ukiwa peke yako unayejua, usingoje mtu mwingine aje kusema. Utasema na watakulaumu. Wakulaumu. Ni afadhali walio hai wakununie.

Na kama wewe ndiye unayengoja, kama kuna mtu unayempenda upande wa pili wa maji na fundi anakuambia bado, muulize kwa nini, umsikilize mpaka mwisho. Moyo utakuuma. Uache uume, lakini usimsukume.

Mungu wa mababu zetu akutangulie njiani na majini. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na akupe masikio ya kuwavumilia. Unaowapenda uwakute wangali wanapumua, na usipowakuta, Mungu akupe mtu wa kukuwekea maji na kukaa karibu nawe. Nenda salama, mwanangu, na urudi.